Mtoto anayevuka mpaka asirudishwe darasa kwa sababu ya lugha

TANGU Septemba 2017, zoezi la kuwarejesha kwa hiari wakimbizi wa Burundi walioko Tanzania lilipoanza upya, zaidi ya watu 100,000 wamevuka mpaka kurudi kwao. Zaidi ya nusu ya wakimbizi hao ni watoto, na wengi wao wana umri wa kuwa darasani.

Habari za zoezi hilo huandikwa kwa idadi ya mabasi, magunia ya chakula na siku za kupumzika katika vituo vya mapokezi. Kisichoandikwa ni kile kinachofuata wiki moja au mbili baadaye, pale mzazi anapomshika mtoto mkono na kumpeleka shule iliyo karibu na shamba la babu yake. Mwalimu mkuu huuliza swali moja: alikuwa darasa la ngapi? Swali ni jepesi. Jibu lake huamua kama mtoto huyo atamaliza shule au ataiacha njiani.

Mwandishi wa makala haya analijua swali hilo kwa pande zote mbili. Nilizaliwa katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya 1972. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kama mtoto yeyote wa Tanzania. Familia yetu ilirudi Burundi mwaka 2008, na leo nafundisha Kiswahili na Kiingereza kusini mwa nchi hiyo. Kila muhula napokea wanafunzi waliotoka ng'ambo ya mpaka.

Hoja yangu ni moja. Mara nyingi mtoto anayehama nchi harudishwi nyuma kwa sababu hajui hesabu au sayansi. Anarudishwa kwa sababu anajua vitu hivyo kwa lugha nyingine, na kwa sababu hakuna karatasi iliyokubaliwa na nchi zote mbili inayoweza kumsemea.

Darasa la tano si lile lile

Kwa miaka mingi tatizo lilianzia kwenye hesabu ya miaka yenyewe. Tanzania ilikuwa na miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini na 2 ya juu. Burundi ilikuwa na miaka 6 ya msingi, 4 ya koleji na 3 ya lisee. Jumla ni 13 kila upande, lakini vituo vya njiani havikulingana. Aliyemaliza darasa la saba Tanzania alikuwa na cheti cha kumaliza msingi; Burundi aliyesoma miaka hiyo saba alikuwa tayari mwanafunzi wa koleji. Mzazi akisema "mwanangu amemaliza la saba", na mwalimu akasikia "amemaliza msingi", mwaka mzima ulipotea papo hapo.

Hali hiyo imebadilika kuliko wengi wanavyofahamu. Sheria ya elimu ya 2013 nchini Burundi ilileta shule ya msingi ya miaka 9, inayofuatwa na miaka 3 ya juu. Jumla ni 12. Rwanda ina 6, 3 na 3. Kenya, ambayo mwaka 2023 ilifanya mtihani wa mwisho wa KCPE wa darasa la nane, imeingia katika mfumo wa 6, 3 na 3. Kongo ina 6, kisha 2, kisha 4. Tanzania nayo, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, inaelekea kwenye miaka 6 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini na 2 ya juu. Inatarajiwa kwamba mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita wa mtaala mpya na wa darasa la saba wa mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Kote huko jumla ni 12. Uganda pekee miongoni mwa majirani hao ndiyo imebaki na 7, 4 na 2.

Maana yake ni kwamba sasa kipo kipimo rahisi ambacho hakikuwapo tulipokuwa tunarudi sisi. Badala ya kuuliza jina la darasa, ulizwe mtoto amemaliza miaka mingapi ya shule tangu darasa la kwanza. Aliyemaliza mitano anaingia wa sita, awe ametoka Kasulu, Uvira au Kirehe. Kidato cha kwanza, koleji, lisee na junia sekondari ni majina tu. Idadi ya miaka inaeleweka kila mahali.

Nusu mwaka inayopotea

Kikwazo cha pili ni kalenda. Tanzania, Kenya na Uganda huanza mwaka wa shule Januari. Burundi na Kongo huanza Septemba, na Rwanda imejiunga na kundi hilo baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020.

Chukua mtoto aliyekuwa darasa la tano katika kijiji kimoja cha Kigoma, na ambaye wazazi wake wameondoka mwezi Julai. Amemaliza miaka minne na nusu. Septemba shule zinapofunguliwa Burundi, ama ataanza la tano upya na kurudia nusu mwaka aliyokwisha kuisoma, ama ataingia la sita akiwa ameruka nusu mwaka. Anayekwenda upande wa pili hukutana na jambo hilo hilo. Amemaliza la tano Burundi mwezi Juni, anafika Tanzania Julai na kukuta darasa la sita liko katikati ya safari.

Hakuna namna ya kuikwepa nusu mwaka hiyo, lakini kuna namna ya kuichagua. Kuruka nusu mwaka kunaweza kufidiwa kwa masomo ya ziada ya miezi mitatu. Kurudia hakufidiwi, kwa kuwa umri wa mtoto haurudi nyuma. Na mara nyingi kurudia hakuishii kwenye nusu mwaka, kwani kalenda inapokutana na lugha, nusu huwa miaka miwili au mitatu.

Tarehe za safari zenyewe hazizingatii shule. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilipofungwa mwaka 2012, zaidi ya watu 30,000 walirejeshwa Burundi ndani ya wiki chache kabla ya katikati ya Desemba. Shule za Burundi zilikuwa zimefunguliwa Septemba. Watoto hao walifika muhula wa kwanza ukielekea ukingoni, na orodha za madarasa zikiwa zimejaa.

Mtihani wa hesabu au wa Kifaransa?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika shule za Burundi mtoto hufundishwa kwa Kirundi katika madarasa manne ya kwanza. Kuanzia la tano, hesabu, sayansi na masomo mengine hugeuka kuwa ya Kifaransa. Tanzania, katika shule za serikali, hesabu ni Kiswahili mpaka mwisho wa msingi, kisha kila kitu kinageuka Kiingereza.

Mtoto wa darasa la sita aliyetoka Kigoma anapoletwa shuleni kwetu hupewa jaribio. Jaribio limeandikwa kwa Kifaransa. Ukimuuliza kwa Kifaransa theluthi ya 24 ni ngapi, ananyamaza na kutazama miguu yake. Ukimuuliza kwa Kiswahili, anajibu 8 kabla hujamaliza swali. Mwalimu asiyejua Kiswahili ataandika sifuri, na kwa sifuri hiyo mtoto atapelekwa la nne au la tatu, ambako bado masomo ni Kirundi. Huko atakutana na tatizo jingine. Kirundi anakizungumza vizuri nyumbani, lakini hajawahi kukiandika.

Mdogo wangu alipita njia hiyo. Tulipoondoka Ulyankulu alikuwa kidato cha pili, yaani mwaka wake wa tisa wa shule. Shule iliyompokea ilimpeleka darasa la sita la msingi, kwa maelezo kwamba Kifaransa chake hakitoshi. Alikuwa na miaka 17 akikaa dawati moja na watoto wa miaka 12 na 13. Hesabu walizokuwa wakifundishwa alizimaliza miaka mitatu nyuma. Alivumilia mihula miwili, kisha akaenda kufanya kazi ya uvuvi ziwa Tanganyika. Hakurudi darasani. Hakushindwa mtihani wowote isipokuwa ule wa lugha ambayo hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Kesi yake si ya pekee. Zaidi ya watu 50,000 wa kundi la 1972 walirudi Burundi katika zoezi lililoanza 2008, na zaidi ya 162,000 walichagua kubaki na kupewa uraia wa Tanzania. Watoto wa waliorudi walikuwa wamesoma kwa mtaala wa Tanzania, kwani makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalikuwa na shule kama za vijiji vingine vya Tanzania.

Kambi zilijifunza, vijiji bado

Kwa wakimbizi waliokuja baada ya 1993, Tanzania ilifuata njia tofauti. Shule za kambini zilifundisha mtaala wa nchi ya mkimbizi ili iwe rahisi kurudi. Ndiyo maana Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, Wakongomani wamekuwa wakisoma kwa mtaala wa Kongo na Warundi kwa mtaala wa Burundi, kila kundi kwenye shule zake.

Utaratibu huo una lawama zake. Umewatenga watoto na jamii iliyowazunguka, na wapo waliokulia Kigoma wasiweze kufanya mtihani wa Tanzania. Lakini kwa suala la kupangiwa darasa umesaidia. Mtoto aliyetoka shule ya kambini akiwa na ripoti yake huku kwetu hapati shida kubwa. Anajua Kifaransa cha darasa lake, na mwalimu anayatambua masomo yaliyoandikwa kwenye ripoti.

Watoto wa Kongo wanathibitisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mapema mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu ya Wakongomani walivuka kuingia Burundi. Walikuja mikono mitupu, wengi bila karatasi yoyote. Hata hivyo, kwa madarasa ya juu, pengo la masomo kati yao na wenzao wa Burundi ni dogo kuliko la mtoto wa Kirundi aliyetoka shule nzuri ya Tanzania akiwa na ripoti safi mkononi. Kalenda yao ni ya Septemba na lugha ya darasani ni Kifaransa. Mgeni anaweza kuingia darasani kwa urahisi kuliko mwenyeji, kwa sababu ya lugha tu.

Wanaobaki bila utetezi ni wale waliosoma nje ya kambi: watoto wa vibarua wa mashambani, wa wafanyabiashara wadogo wa Kigoma na Kasulu, wa ndoa za pande mbili za mpaka, na wa waliopewa uraia ambao wazazi wao wanaamua kurudi kutafuta ardhi ya ukoo. Hawa hawaji kwa basi la shirika lolote. Wanapita Manyovu na kuingia Mugina, au Kabanga na kuingia Kobero, na hakuna anayewaandika.

Sheria zinaishia wapi

Si kwamba hakuna makubaliano. Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinataka mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na raia, na kwa ngazi za juu kinataja kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Lakini mtu akirudi kwao si mkimbizi tena, na ulinzi huo haumfuati kwenye shule ya kijijini kwake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia katika kifungu cha 11 kutambuliana vyeti vya masomo na vya taaluma. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Hatua hizo ni nzuri kwa mhandisi na kwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Vilevile Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa kulinganisha matokeo ya mitihani ya nje. Lakini mtoto wa darasa la nne hana mtihani wa kulinganishwa. Ana daftari, na pengine ripoti ya muhula yenye mhuri uliofifia. Wanaovuka mpaka kwa wingi zaidi ndio waliosahauliwa zaidi.

Walimu wakuu nao wana hoja

Haitakuwa haki kuwatupia walimu wakuu lawama zote. Mwalimu mkuu wa Burundi anapimwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la tisa. Akimpokea mtoto wa la nane asiyejua Kifaransa, anajua kwamba mwaka unaofuata jina lake litaonekana kwenye orodha ya walioshindwa. Madarasa yamejaa, madawati hayatoshi, na hakuna saa ya ziada iliyolipiwa. Kumshusha mtoto ndiyo njia pekee isiyomgharimu chochote.

Aidha, wapo watoto wanaostahili kuanza chini. Aliyekaa nyumbani miaka miwili kwa sababu ya vita au safari hatanufaika kwa kutupwa darasa la umri wake. Wazazi wengine pia huongeza madarasa kwa mdomo. Tahadhari ya mwalimu ina msingi.

Hata hivyo, tahadhari inatakiwa imtenganishe mtoto asiyejua na mtoto asiyejua kwa Kifaransa. Hao ni watoto wawili tofauti. Wa kwanza anahitaji darasa la chini. Wa pili anahitaji miezi kadhaa ya lugha akiwa katika darasa lake. Tukiwapa wote wawili dawa moja, wa pili tunampoteza. Msichana wa miaka 15 aliyewekwa darasa la nne hasubiri miaka mitano kufika la tisa. Huolewa, au hutumwa mjini kufanya kazi za ndani.

Upande wa Tanzania

Wasomaji wa Tanzania wasidhani kwamba jambo hili ni la Burundi peke yake. Mtoto anayefika Kigoma akitokea Makamba au Rumonge, akiwa amemaliza darasa la sita, amesoma sayansi kwa Kifaransa. Akiwekwa mbele ya mtihani wa Kiswahili, naye ataonekana mjinga. Anayepelekwa kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza, lugha ya nne kwake. Walimu wa Kigoma na Kagera wanawafahamu watoto hao. Na mtoto wa Kitanzania anayemfuata baba yake mfanyabiashara Bujumbura anakutana na ukuta ule ule wa Kifaransa anaokutana nao mtoto wa Kirundi.

Nini kifanyike

Hakuna haja ya kusubiri mtaala mmoja wa Afrika Mashariki. Yapo mambo manne yanayoweza kufanyika kwa waraka wa wizara, bila bajeti kubwa.

Kwanza, hesabu ya miaka ya shule aliyomaliza mtoto iwe ndiyo msingi wa kumpangia darasa, na jedwali la ukurasa mmoja la kulinganisha madarasa libandikwe katika kila ofisi ya mwalimu mkuu wa mikoa ya mpakani.

Pili, hesabu ipimwe kwa lugha aliyofundishiwa mtoto, na lugha ipimwe peke yake. Kwa Burundi hili linawezekana leo. Kiswahili ni somo katika shule zetu, na kila tarafa ya mpakani ina walimu wanaokijua, wengi wao wakiwa ni sisi tuliosoma uhamishoni. Saa moja ya mwalimu kama huyo inatosha kumwokolea mtoto miaka mitatu.

Tatu, darasa alilopangiwa mtoto liwe la muda. Baada ya muhula mmoja aangaliwe tena. Kinachowaumiza wengi ni kwamba uamuzi wa dakika kumi wa siku ya kwanza hauguswi tena hadi wanapoacha shule. Na asishushwe zaidi ya mwaka mmoja chini ya miaka aliyomaliza, isipokuwa kama ni kweli alikaa nje ya shule.

Nne, kuwe na barua moja ya uhamisho, ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kifaransa, inayoeleza miaka aliyomaliza, lugha aliyofundishiwa na alama zake za mwisho. Mwalimu mkuu wa Kasulu aijaze siku mzazi anapoaga, na mwalimu mkuu wa Nyanza-Lac alazimike kuisoma. Tume ya pande tatu ya Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ambayo imekutana mara nyingi kujadili idadi ya wanaorejea, ingeweza kuipitisha barua hiyo katika kikao kimoja, na isiishie kwa wakimbizi wa kambini tu.

Mpaka wa Kigoma umevukwa na watu wetu mwaka 1972, 1993 na 2015, na kila baada ya wimbi moja wapo waliorudi. Watavuka tena, kwa ndoa, kwa biashara, kwa shamba, hata pasipo vita. Nchi zetu zimekubaliana namna ya kupitisha malori ya saruji na magunia ya mahindi kwenye mpaka huo, kila mzigo ukiwa na karatasi inayotambulika pande zote mbili. Mtoto wa darasa la tano bado anavuka bila karatasi ya namna hiyo.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu aliyesoma Tanzania akiwa mkimbizi, na sasa anafundisha kusini mwa Burundi.